ROV ya kujiundia nyumbani: mabomba, mota tatu na waya mmoja vinavyoweza kukuonyesha chini ya ziwa

Novemba 6, 2022, ndege ya Precision Air iliyotoka Dar es Salaam ilianguka Ziwa Victoria ikikaribia kutua Bukoba, uwanja ambao watu wa Kimuli na Kyerwa nzima huutegemea. Ilibeba watu 43. Kati yao 19 walifariki. Wavuvi ndio waliowahi kufika.

Pale kina kilikuwa kifupi, mkia ulibaki juu ya maji. Je, ingezama kabisa?

Jibu tulilipata Likoni, Mombasa. Septemba 29, 2019, gari lilidondoka kutoka kwenye kivuko likiwa na mama na binti yake. Lilitolewa Oktoba 11, siku ya 13, kutoka kina cha zaidi ya mita 50. Kazi kubwa ilikuwa kujua gari liko wapi hasa.

Hapo ndipo ROV inaingia: roboti ya chini ya maji yenye kamera, inayoongozwa na mtu aliyekaa juu. Za viwandani ni ghali, ila ndogo unaweza kuiunda mwenyewe. Chuo cha MIT, Marekani, kilianzisha mradi wa SeaPerch mwaka 2003, na wanafunzi wa shule huziunda kwa vifaa vya kawaida.

Inaundwaje?

Fremu: Kata mabomba ya PVC ya maji, unganisha kwa elbo upate umbo la sanduku. Toboa matundu ili maji yaingie ndani, la sivyo itaelea tu.

Mota: Zinatosha tatu. Mbili za nyuma zinasukuma mbele na kukata kona: ukiwasha ya kulia peke yake, inageukia kushoto. Ya tatu inapandisha na kushusha. Mota za pampu ndogo za kutoa maji kwenye boti tayari zimezibwa. Ukitumia za midoli, zizibe kwa nta ndani ya kikopo.

Kuelea: Funga maboya ya nyavu juu, vyuma vizito chini. Ongeza na punguza mpaka ikae katikati ya maji, isizame wala isipande.

Umeme: Betri ya volti 12 inabaki juu, nchi kavu au kwenye mtumbwi, pamoja na swichi. Weka fyuzi.

Kwa nini waya, isiwe rimoti?

Kwa sababu mawimbi ya redio yanakufa haraka majini. Wi-Fi ya simu yako haifiki hata mita chache. Kwa hiyo umeme, amri na picha vyote vinapita kwenye waya. Ukiwa mrefu na mwembamba, umeme unapungua njiani na mota zinalegea.

Inaishia wapi?

Kila mita 10 chini, mgandamizo unaongezeka kiasi sawa na ule wa hewa tunayoishi ndani yake. Kwa hiyo mita 50 ni mara sita ya huku juu. Kasha la kamera lenye upenyo kidogo tu linajaa maji.

Tatizo la pili ni tope. Taa ikiwa karibu na lenzi, mwanga unagonga chembe za udongo na kukurudia, unaona ukungu mtupu. Isogeze pembeni.

Ijaribu kwanza kwenye pipa, kisha bwawani. Mto Kagera una mamba na viboko, usiingie majini kuifuata. Ivute kwa kamba imara uliyoifunga kwenye fremu, si kwa waya wa umeme.

Na tusidanganyane: roboti hii haimtoi mtu majini. Kazi yake ni kutazama, ili mzamiaji asipoteze hewa na muda kupapasa gizani. Anashuka akijua anakwenda wapi.