Kosa moja, hukumu moja: lakini patro yeye?

Ndugu wafanyakazi, na ninyi wamama mulio nyumbani, kuko swali moja lenye kurudia kila mara kwenye biro ya sendika: «Nilishitakiwa wizi wa kable, tribinali ikaniachilia. Sasa patro ananifukuza juu ya ile ile kable. Sheria inakubali mutu ahukumiwe mara mbili?» Juu ya swali hili watoto wanakosa masomo na nyumba ya kampuni inapotea, njo maana tunalijibu hapa.

Sheria inasema hivi: mutu akiisha kuhukumiwa kwa kosa moja, na hukumu ikafika mwisho, harudishwe tena mbele ya tribinali kwa kosa lile lile. Awe alifungwa, awe aliachiliwa, ni sawa. Neno hili limeandikwa ndani ya mapatano ya Umoja wa Mataifa juu ya haki za raia na za siasa, kipengele 14. Inchi yetu iliyakubali mu 1976.

Lakini angalieni muzuri: «kosa lile lile». Munakumbuka kesi ya Germain Katanga wa Ituri. Korti ya Kimataifa ya La Haye ilimuhukumu mu 2014 miaka 12 ya kifungo, juu ya shambulio la kijiji cha Bogoro, tarehe 24/02/2003. Mu Desemba 2015 waliileta hapa Kinshasa amalize kifungo, na kingeisha tarehe 18/01/2016. Ile siku ilipita, hakutoka. Korti kubwa ya kijeshi ilimufungulia dosie ingine. Wateteaji wake walisema ni kumuhukumu mara mbili. Mu Aprili 2016 La Haye iliruhusu Kinshasa iendelee, kwa sababu mashitaka ya hapa hayakuwa juu ya yale aliyohukumiwa kule.

Turudi ku kazi yetu. Mambo matatu yanadanganya wengi.

La kwanza: parketi ikifunga dosie bila kuipeleka mbele ya jije, ile si hukumu. Inaweza kuifungua tena. Usitupe karatasi zako.

La pili: parketi ikikata rufaa, si kesi ya pili. Ni kesi ile ile inaendelea. Usisherehekee mbele ya siku za rufaa kwisha.

La tatu, njo lenye kuuma: patro si jije. Tribinali inaangalia kama ulivunja sheria ya inchi. Patro anaangalia kama ulivunja kanuni za kazi. Kwa hiyo anaweza kukuazibu hata kama haukufungwa. Lakini naye ana mipaka. Sheria ya kazi ya 2002 inamulazimisha, akitaka kukufukuza kwa kosa kubwa, akuandikie barua ndani ya siku 15 za kazi tangu alipojua lile jambo. Neno la mudomo halitoshi. Na sisi wa sendika tunashikilia hivi: mutu aliyekwisha kusimamishwa siku kadhaa bila mushahara juu ya kosa fulani, asifukuzwe tena juu ya lile lile. Azabu ilishalipwa.

Tena, kama jije aliandika kama si wewe uliyeiba, patro atasema nini? Ile hukumu ni silaha yako. Omba kopi kwa grefie, iwe na muhuri. Andika tarehe uliyopokea barua ya kazi. Usitie sinyatire ku karatasi yoyote ya «kupatana» bila delege wa sendika kuisoma. Kisha twende pamoja ku Inspeksio ya Kazi. Kule njo tunaanzia, mbele ya kufika ku tribinali ya kazi.

Wamama, chungeni zile karatasi pamoja na vitambulisho vya watoto. Bwana akiwa buloko, ni ninyi mutakaozileta kwetu.