Kupimwa ADHD: Ushahidi ambao familia ya mpakani inapaswa kubeba

Na Mwandishi Wetu

MFANYABIASHARA anayefika Namanga, Busia au Rusumo bila karatasi zake hukwama, hata kama mzigo ni halali. Mzazi anayempeleka mtoto hospitali kuchunguzwa ADHD, yaani tatizo la upungufu wa umakini na utukutu uliopitiliza, anaweza kukwama kwa sababu inayofanana na hiyo. Hakuna kipimo cha damu wala picha ya ubongo inayothibitisha hali hii. Daktari hutegemea maelezo: mtoto yukoje nyumbani, yukoje shuleni na amekuwa hivyo tangu lini.

Kwa familia nyingi zinazoishi kwa biashara ya kuvuka mpaka, maelezo hayo yametawanyika. Mama yuko safarini siku nne kwa wiki. Mtoto analelewa na bibi. Mwaka jana alisoma Taveta, mwaka huu amehamia Holili. Mwalimu wa kwanza alimwita mkorofi, wa pili anamwita mvivu, na bibi anasema utoto utaisha. Kila mmoja ana kipande chake, na hakuna aliyevikusanya. Mtoto anachapwa, anarudia darasa, anahamishwa tena, na miaka inapita bila mtaalamu kumwona.

Wapo wanaodhani haya ni mambo mapya ya kuletwa. Lakini daktari wa Uskoti, Alexander Crichton, alikwishaandika juu ya watu wasioweza kutuliza mawazo mahali pamoja mwaka 1798, na mwaka 1902 daktari wa watoto George Still aliwaeleza wenzake jijini London kuhusu watoto wa aina hiyo.

SI KILA MTUKUTU ANA ADHD

Mwongozo unaotumiwa na wataalamu wengi ni ule wa Chama cha Madaktari wa Magonjwa ya Akili cha Marekani, ambao toleo lake la tano lilitoka 2013. Unaorodhesha dalili 18: tisa za kukosa umakini na tisa za utukutu na papara. Mtoto anapaswa kuwa na angalau dalili 6 katika kundi moja. Aliyefikisha miaka 17 na kuendelea anahitaji 5.

Lakini kuhesabu dalili hakutoshi. Ziwe zimedumu kwa miezi 6 au zaidi, zionekane katika sehemu mbili au zaidi kama nyumbani na shuleni, nyingine ziwe zilianza kabla ya miaka 12, na ziwe zinamharibia mtu masomo, kazi au uhusiano na wenzake. Mtoto anayemsumbua mwalimu mmoja tu, huku nyumbani na madrasa au kanisani yuko sawa, huenda ana tatizo jingine.

Makadirio ya kimataifa yanaonyesha kuwa takriban mtoto 1 kati ya 20 ana ADHD. Utafiti uliofanywa katika Hospitali ya Mulago, Kampala, na kuchapishwa 2017, uliikuta kwa asilimia 11 ya watoto waliohudhuria kliniki za mishipa ya fahamu na akili. Hao walikuwa watoto waliokwisha kufikishwa kwa wataalamu, na bado karibu 9 kati ya 10 hawakuwa nayo.

Ndiyo maana uchunguzi mzuri huanza kwa kutafuta sababu nyingine. Mtoto asiyesikia vizuri huonekana kama hafuati maagizo. Asiyeona ubao huanza kuchezea kalamu ya jirani. Kipo kifafa ambacho hakimwangushi mtu: mtoto anaduwaa kwa sekunde kadhaa kisha anaendelea, na mwalimu anadhani alikuwa mbali kimawazo. Upungufu wa damu, usingizi mfupi, msiba au kutengana na mzazi navyo huvuruga umakini. Kwa mtoto ambaye mama yake huondoka kila wiki, hilo la mwisho lisipitwe kimya kimya.

Malaria kali nayo itajwe. Watafiti nchini Uganda waliofuatilia watoto waliopona malaria iliyopanda kichwani waligundua kuwa baadhi yao walibaki na matatizo ya umakini na ya kufikiri muda mrefu baada ya kutoka hospitali. Kama mtoto aliwahi kulazwa akiwa amezimia au na degedege, daktari anapaswa kujua.

FAILI LA KUBEBA

Kabla ya kupoteza siku ya biashara na nauli, kusanya mambo manne.

La kwanza ni ripoti za shule za miaka yote, za pande zote mbili za mpaka. Maneno ya mwalimu yaliyoandikwa chini, kama "anapotea mawazo" au "hamalizi kazi", yana uzito kuliko alama zenyewe.

La pili ni maelezo ya mwalimu wa sasa. Kliniki nyingi hutoa dodoso la mwalimu na la mzazi. Ukiweza kulichukua mapema, mpe mwalimu wiki mbili ajaze kwa utulivu. Kama hakuna dodoso, barua ya ukurasa mmoja yenye mifano inatosha kuanzia.

La tatu ni mlezi mwenyewe. Kama bibi au shangazi ndiye anayekaa na mtoto, yeye ndiye shahidi. Aende naye, au awe tayari kuongea na daktari kwa simu. Mzazi anayeonana na mtoto siku mbili kwa wiki asijaze dodoso peke yake kwa kukisia.

La nne ni kadi ya kliniki na karatasi za kulazwa: alizaliwa lini na vipi, alianza kutembea na kuongea lini, aliugua nini. Ongeza maelezo ya ndugu wa damu, kwa kuwa ADHD hurithiwa kwa kiasi kikubwa katika familia.

Pa kuanzia ni kituo cha afya kilicho karibu. Shirika la Afya Duniani lina mwongozo wa afya ya akili kwa wahudumu wasio mabingwa, na ADHD imo. Hapo mtoto anaweza kupimwa masikio, macho na damu, kisha akapewa barua ya rufaa. Hospitali kubwa zenye wataalamu wa akili ni pamoja na Muhimbili jijini Dar es Salaam, Bugando Mwanza, Mathari Nairobi, ile ya rufaa ya Moi mjini Eldoret, Butabika Kampala, Ndera Kigali na kituo cha Kamenge jijini Bujumbura. Kenya pia ina vituo vya kupima mahitaji ya elimu, vilivyoanzishwa 1984, ambavyo humsaidia mzazi kwa upande wa shule. Kabla ya kuvuka mpaka kufuata tiba, ulizia kama bima yako inakubalika ng'ambo.

MTU MZIMA NAYE

Wazazi wengi hujitambua mtoto anapochunguzwa. Ni yule anayelipia bidhaa mara mbili kwa kusahau, anayeacha pasi ya kusafiria kwenye basi, ambaye kila wiki huanza biashara mpya kabla ya ile ya jana kuzaa, na ambaye cheti cha uasili hukimaliza kujaza akiwa tayari dirishani. Dukani ana maneno na mbio. Kwenye daftari la madeni, anashindwa.

Makadirio yanaweka ADHD kwa watu wazima kwenye takriban asilimia 2.5. Wanawake wengi walipitwa utotoni kwa sababu walikuwa wasichana wa kuota ndoto darasani, wasiomsumbua mtu.

Lipo dodoso la maswali 18 lililotayarishwa kwa ushirikiano na Shirika la Afya Duniani, na 6 kati yake hutumika kuchuja. Majibu yake humwambia mtu kama inafaa aende kwa mtaalamu. Hayampi jina la ugonjwa. Mtaalamu atauliza juu ya utoto, kwa sababu hali hii haianzi ukubwani. Hapo ndipo ripoti za shule ya msingi, mama mzazi au kaka mkubwa wanapohitajika.

Atauliza pia juu ya usingizi, pombe, mirungi, wasiwasi na huzuni, na anaweza kupima tezi ya shingo. Anayesafiri usiku mara tatu kwa wiki na kujikaza kwa mirungi atasahau mambo hata kama hana ADHD. Kumficha daktari hayo ni kununua jibu lisilo sahihi.

DAWA NA MPAKA

Uchunguzi ukithibitisha ADHD, dawa si lazima iwe hatua ya kwanza. Kwa watoto wadogo hasa, mafunzo kwa mzazi na mwalimu hutangulia: maagizo mafupi, kazi iliyogawanywa, kukaa mbele ya darasa, sifa ya papo hapo.

Dawa inayotajwa zaidi ni methylphenidate. Haimo katika orodha ya dawa muhimu ya Shirika la Afya Duniani. Maombi ya kuiingiza yalikataliwa 2019 na 2021, hivyo si ajabu kuikosa katika duka la dawa la hospitali ya umma. Tena iko chini ya Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa 1971 kuhusu dawa zinazoathiri akili. Mkataba huo unaruhusu nchi kumwacha msafiri abebe kiasi kidogo kwa matumizi yake mwenyewe, na ofisa ana haki ya kutaka uthibitisho kuwa ilipatikana kihalali.

Kwa hiyo dawa ikae kwenye pakiti yake yenye jina la mgonjwa, iambatane na cheti cha daktari, na itangazwe ikiulizwa. Usimbebee mtu mwingine. Usiitume kwa dereva wala bodaboda wa njia za panya. Pakiti isiyo na karatasi inaweza kukuweka ndani.

OMBA RIPOTI MKONONI

Usiondoke hospitali na jibu la mdomo. Omba ripoti iliyoandikwa, yenye tarehe, saini na muhuri, inayoeleza nini kilichunguzwa na nini kilipatikana, hata kama jibu ni kwamba mtoto hana ADHD. Mwombe daktari aandike na namba ya utambuzi. Katika orodha ya magonjwa ya Shirika la Afya Duniani, iliyoanza kutumika Januari 2022, ADHD ni 6A05. Ripoti ya Bujumbura inaweza kuwa kwa Kifaransa na ya Kampala kwa Kiingereza, lakini namba hiyo mganga wa Kigoma, Goma au Kisumu ataielewa.

Toa nakala mbili. Moja ibaki kwa mlezi, nyingine ipelekwe kwa mwalimu wa darasa siku ya kwanza ya muhula, kabla hajaanza kumwita mtoto mkorofi.