Ukuta wa Zamani Hutibiwa kwa Chokaa

Hapa Ruanda, nyanda za juu kusini mwa Tanzania, nyumba ikipata ufa, jambo la kwanza ni kutafuta mfuko wa saruji. Saruji tumeizoea, kwani mawe ya bonde la Songwe ndiyo yanayosagwa na kuchomwa kiwandani ili kuitengeneza. Lakini pwani ya kusini iko ngome ambayo saruji ingeimaliza. Ni Gereza la Kilwa Kisiwani, na namna lilivyookolewa ina somo kwa kila mwenye jengo la zamani.

Mwaka 1505 Wareno chini ya Francisco de Almeida waliuteka mji wa Kilwa, wakajenga ngome ufukweni. Mwaka 1512 waliihama. Mnamo mwaka 1800, Waomani walijenga ngome nyingine juu ya mabaki yake, na ndiyo tunayoiona leo. Hata neno gereza asili yake ni neno la Kireno lenye maana ya kanisa. Maana ya kifungo ilikuja baadaye.

Kilichowavuta Waomani kilikuwa biashara. Mwaka 1776 Mfaransa Jean-Vincent Morice alifunga mkataba na Sultani wa Kilwa ili auziwe watumwa 1,000 kila mwaka, wa kupelekwa kwenye mashamba ya visiwa ambavyo leo ni Morisi na Réunion. Misafara ya watumwa na pembe za ndovu ilitoka mbali hata Ziwa Nyasa, kwa jirani zetu kabisa. Kwa hiyo sisi wa nyanda za juu tusiihesabu ngome hii kuwa habari ya watu wa pwani peke yao.

Ramani yake ni ya akili. Kuta nne zinazunguka ua wazi, na minara miwili imesimama katika pembe zinazokabiliana kimshazari. Mlinzi aliye katika mnara mmoja huona kuta mbili kwa urefu wake. Mwenzake huona mbili zilizobaki. Minara miwili ikatosha kulinda pande zote nne.

Kuta zenyewe ni mawe ya matumbawe yaliyoshikwa kwa chokaa, na chokaa hiyo nayo ilitoka baharini. Matumbawe hupangwa juu ya rundo la magogo na kuchomwa mpaka yawe meupe na mepesi. Yakimwagiwa maji huchemka, yakasambaratika kuwa unga. Unga huo hulazwa, kisha huchanganywa na mchanga. Ukishapakwa ukutani hunyonya hewa ya ukaa polepole na kurudi kuwa jiwe.

Ukuta wa namna hii hupumua: unyevu unaopanda kutoka ardhini hutokea kwenye chokaa na kukauka. Ukiupaka saruji, umeuziba. Maji yenye chumvi hubaki ndani, chumvi ikiganda hutanuka na kuvunja jiwe, na baada ya miaka michache lipu ngumu hubanduka pamoja na uso wa ukuta. Saruji haina kosa. Ni imara kupita kiasi kwa jiwe laini. Kiungo kinapaswa kuwa laini kuliko kinachoungwa, ili pakitokea mtikisiko kipasuke chenyewe, na fundi akipake upya.

Bahari nayo ilikuwa inakula msingi wa Gereza, hata sehemu yake ikaanguka. Magofu ya Kilwa Kisiwani na Songo Mnara, yaliyoingia katika Urithi wa Dunia wa UNESCO mwaka 1981, yaliwekwa kwenye orodha ya urithi ulio hatarini mwaka 2004. Ufaransa na Japani zilichangia fedha za ukarabati. Kuta zikaimarishwa, mikoko ikapandwa kukinga ufukwe, na mwaka 2014 magofu yakaondolewa kwenye orodha hiyo. Nchi ambayo mfanyabiashara wake alinunua watu Kilwa ikasaidia kuokoa jengo linalotunza habari zao.

Nasi tunayo majengo ya kuokoa: makanisa ya wamisionari, nyumba za matofali yaliyoungwa kwa udongo. Kabla ya kuchanganya saruji, kwangua kidogo kati ya tofali na tofali uone kilichoushika ukuta huo miaka yote. Kama ni udongo, rudishia udongo. Kama ni chokaa, rudishia chokaa. Fundi aliyeujenga hayupo tena, lakini kazi yake bado inatuonyesha dawa.