Tiba ya mawimbi ya mshtuko: inamfaa nani, na lini?

Hatua ya kwanza ya asubuhi ndiyo mbaya zaidi. Mama mboga anashuka kitandani, anakanyaga sakafu na kuhisi kama msumari umemchoma kisigino. Akitembea kidogo maumivu yanalegea, lakini akishinda amesimama sokoni yanarudi jioni. Walimu na walinzi wanayajua maumivu hayo, na wakimbiaji pia. Miezi ikipita bila nafuu, mgonjwa husikia habari za mashine ya mawimbi ya mshtuko, iliyopo katika baadhi ya kliniki za tiba ya viungo nchini, na kuanza kutafuta pesa. Kabla hajazitoa, ni vyema ajue mashine hiyo hufanya nini.

Neno "mshtuko" huwatisha wengi, wakidhani ni shoti ya umeme. Hakuna umeme unaoingia mwilini. Haya ni mawimbi ya mgandamizo, jamaa ya sauti, yanayopitishwa kwenye ngozi iliyopakwa jeli kama ile inayotumiwa mama mjamzito anapopigwa picha ya mtoto tumboni. Yalianza kutumiwa kwa kazi nyingine kabisa: mwaka wa 1980, madaktari wa Munich, Ujerumani, waliyatumia kuvunja mawe kwenye figo za mgonjwa bila kumpasua. Baadaye iligunduliwa kwamba mawimbi hayo huamsha pia uponaji wa mifupa na kano.

Kano ni ile kamba ngumu inayounganisha msuli na mfupa. Ikichoshwa kwa muda mrefu, nyuzi zake huvurugika na mwili huacha kuitengeneza ipasavyo. Mawimbi huichokoza kwa makusudi: seli za ukarabati huchangamka, mishipa midogo ya damu huota, na neva za maumivu hupoa. Ndiyo maana nafuu haiji siku hiyo hiyo. Huja polepole, pengine baada ya wiki sita hadi kumi na mbili, na siku mbili tatu za mwanzo sehemu hiyo inaweza hata kuuma zaidi.

Matibabu yenyewe ni mafupi. Kila kikao huchukua dakika chache, mapigo kama 2,000, na kwa kawaida vikao ni vitatu hadi vitano, kimoja kwa wiki. Hugonga na huuma, ingawa maumivu huvumilika. Wahudumu wengi humwomba mgonjwa asimeze dawa kama ibuprofen au diclofenac wakati huo, kwa kuwa hutuliza uvimbe ule ule unaotarajiwa kuanzisha uponaji.

Yanayotibiwa zaidi ni utando wa unyayo unaoshikilia kisigino, kano ya Achilles nyuma ya kifundo cha mguu, kano za kiwiko, na kano za bega zilizoganda chembe za chokaa. Kifundo kilichoteguka jana, ligamenti zikiwa bado zimevimba, si kazi ya mashine hii.

Jambo linalosahaulika kliniki zinapotangaza huduma ni mazoezi. Wagonjwa wengi wa kisigino hupona ndani ya mwaka mmoja kwa kunyoosha misuli, kubadilisha viatu na kupunguza mzigo wa mguu. Hata pale mashine inapohitajika, haifanyi kazi peke yake. Katika utafiti wa Ujerumani uliochapishwa 2009, wagonjwa 68 wa kano ya Achilles waligawanywa mara mbili. Baada ya miezi minne, 19 kati ya 34 waliofanya mazoezi pekee walikuwa wamepona au kupata nafuu kubwa. Waliofanya mazoezi na kupata mawimbi pia walikuwa 28 kati ya 34. Zoezi lenyewe halina gharama: mtu husimama kwenye ngazi kwa vidole, kisha hushusha kisigino taratibu chini ya ukingo, mara 15, mizunguko mitatu, asubuhi na jioni, kwa wiki 12. Kliniki inayouza vikao bila kumfundisha mgonjwa zoezi lolote inamuuzia nusu ya tiba.

Kuhusu mifupa, hali ni tofauti. Mfupa uliovunjika, tuseme katika ajali ya bodaboda, na ukakataa kuunga kwa miezi mingi, unaweza kusaidiwa na mawimbi badala ya upasuaji mwingine. Lakini kazi hiyo huhitaji mashine yenye nguvu inayolenga ndani kabisa, chini ya daktari wa mifupa, na mara nyingi mgonjwa hutiwa ganzi au nusukaputi. Mashine ndogo inayoendeshwa kwa hewa iliyoshindiliwa, iliyozoeleka kwenye kliniki, nguvu yake huishia karibu na ngozi.

Wapo wasiopaswa kutumia tiba hii: mama mjamzito, mtu anayetumia dawa za kuzuia damu kuganda, na mwenye saratani au maambukizi mahali panapouma. Kwa mtoto, mawimbi hayaelekezwi kwenye ncha za mifupa inayokua. Mwenye kisukari ambaye nyayo zimekufa ganzi aseme mapema, maana hatahisi nguvu ikizidi.

Na si kila kisigino kinachouma ni cha mashine. Aliyesikia mlio nyuma ya mguu ghafla, kana kwamba amepigwa teke, kisha akashindwa kusimama kwa vidole, huenda kano imekatika. Aende hospitali siku hiyo hiyo. Vivyo hivyo kwa maumivu yanayoandamana na homa, au yanayomwamsha mtu usiku akiwa amepumzika.

Kabla ya kulipa, mgonjwa aulize ni nani aliyethibitisha ugonjwa na kwa njia gani, kama mhudumu ana leseni, mashine ni ya aina gani, bei ni ya kikao kimoja au ya vyote, na ni lini atapimwa tena. Jibu zuri kwa swali hilo la mwisho ni baada ya miezi mitatu.