Mtaji wa Benki za Mikoani: Kanuni za Usimamizi Zikitazamwa kutoka Magamba

Fedha zinazoonekana ndani ya benki yoyote, iwe na matawi mia au na tawi moja, zina asili mbili zinazotofautiana kisheria: sehemu kubwa ni amana, yaani fedha za wateja ambazo benki inadaiwa na italazimika kuzirudisha, na sehemu ndogo ni mtaji, yaani fedha za wanahisa pamoja na faida ya miaka iliyopita ambayo haikugawanywa kuwa gawio. Tofauti hii hudhihirika siku mkopaji anaposhindwa kulipa, kwa kuwa hasara hukatwa kwanza katika mtaji, na mtaji ukiisha ndipo inapoanza kula fedha za wenye amana. Kutokana na hilo, kiasi cha mtaji ambacho benki inalazimika kuwa nacho si jambo la wahasibu peke yao. Ni suala linalomgusa mkulima wa kabichi wa Magamba, kilomita chache kutoka mji wa Lushoto, aliyeweka benki mauzo ya msimu akingoja kununua mbegu na mbolea za msimu unaofuata.

Watu wengi, na hata baadhi ya wajumbe wa bodi za benki ndogo, huudhania mtaji kuwa fedha taslimu zilizofungiwa kwenye kasha, na dhana hiyo huharibu mjadala mzima. Uwezo wa benki kuwa na fedha za kumlipa mteja anayekuja leo huitwa ukwasi, ilhali mtaji ni ile ziada inayobaki kwenye vitabu baada ya kutoa madeni yote katika mali zote, ziada ambayo tayari imekwisha kukopeshwa au kuwekezwa. Kwa hiyo benki inaweza kuwa na fedha tele dirishani huku mtaji wake umekwisha, na meneja asiyetambua hali hiyo ataendelea kupokea amana ambazo hana tena kinga ya kuzilinda.

Vipimo vinavyotumika leo vina historia ndefu kidogo. Baada ya benki ya Herstatt ya Ujerumani kuanguka mwezi Juni 1974 na kuziachia hasara benki za nchi nyingine, magavana wa benki kuu za nchi tajiri waliunda kamati iliyokuwa ikikutana mjini Basel, Uswisi, na mwaka 1988 kamati hiyo ikakubaliana kwamba mtaji wa benki usipungue asilimia 8 ya mali zake zilizopimwa kwa kadiri ya hatari. Tanzania ya wakati huo ilikuwa katika mkondo mwingine kabisa. Benki zilikuwa zimetaifishwa Februari 1967, mara baada ya Azimio la Arusha, na kwa zaidi ya miongo miwili Benki ya Taifa ya Biashara ilitoa mikopo kwa vyama vya ushirika na mashirika ya umma ambayo mengi hayakuweza kuirejesha, hasara ikibebwa hatimaye na hazina ya nchi. Tume ya Charles Nyirabu ilipochunguza hali hiyo mwishoni mwa miaka ya 1980, ilipendekeza mageuzi yaliyozaa Sheria ya Mabenki na Taasisi za Fedha ya mwaka 1991, iliyofungua mlango kwa benki binafsi na kwa benki za kijamii. Sheria ya mwaka 2006 ilichukua nafasi yake, na chini yake Benki Kuu ya Tanzania imetoa kanuni za utoshelevu wa mtaji, zikiwemo za mwaka 2014.

Kanuni hizo zinaweka vizingiti vya aina mbili, na msomaji akizichanganya hataelewa kwa nini benki fulani ilifungwa na nyingine ikaachwa. Kizingiti cha kwanza ni uwiano. Mtaji wa msingi, ambao ni hisa zilizolipiwa na faida iliyolimbikizwa, usipungue asilimia 10 ya mali zilizopimwa kwa hatari, na mtaji wa jumla, unaoongeza humo mikopo ya muda mrefu ambayo wakopeshaji wake wamekubali kulipwa baada ya wadai wengine wote, usipungue asilimia 12. Juu ya kila kimoja iliongezwa akiba ya kinga ya asilimia 2.5, hivyo kufikia asilimia 12.5 na 14.5. Kizingiti cha pili ni kiwango kamili cha shilingi ambacho hakiangalii ukubwa wa shughuli: shilingi bilioni 15 kwa benki ya biashara, na shilingi bilioni 2 kwa benki ya kijamii, ile iliyopewa leseni ya kuhudumia eneo maalumu.

Kupima mali kwa hatari maana yake ni kwamba kila shilingi iliyotoka benki hupewa uzito kulingana na mahali ilipokwenda. Katika utaratibu uliotokana na makubaliano ya 1988, fedha taslimu na dhamana za serikali hupewa uzito wa sifuri, amana zilizowekwa katika benki nyingine asilimia 20, mikopo ya nyumba za makazi asilimia 50, na mikopo mingine mingi, pamoja na ya mkulima na mfanyabiashara, asilimia 100.

Na ichukuliwe benki ya kufikirika ya Lushoto yenye amana za shilingi bilioni 18 na mtaji wa msingi wa bilioni 2, jumla bilioni 20. Imekopesha wakulima na wafanyabiashara bilioni 12, imetoa mikopo ya nyumba ya bilioni 2, imenunua hatifungani za serikali za bilioni 4, imeweka bilioni 1 katika benki nyingine na kubaki na bilioni 1 taslimu. Zikipimwa kwa hatari, mali hizo zinakuwa bilioni 13.2, na uwiano wa mtaji unazidi kidogo asilimia 15, hali inayoonekana kuwa salama. Sasa sehemu ya kumi ya mikopo ya wakulima na wafanyabiashara ikipotea, hasara ni bilioni 1.2, mtaji unashuka hadi milioni 800, na uwiano unaanguka hadi chini ya asilimia 7. Ili kurudi kwenye asilimia 12.5, wanahisa watatakiwa kuongeza milioni 700. Lakini ili kurudi kwenye kiwango cha bilioni 2, watatakiwa kuongeza bilioni 1.2. Wakishindwa, njia iliyobaki ni kupunguza mikopo, na katika mfano huu, ili kutimiza uwiano peke yake, benki ingelazimika kuondoa takribani nusu ya mikopo yake kwa wakulima na wafanyabiashara.

Hesabu hiyo inaweka wazi ugumu wa kazi ya mtendaji wa benki ya mkoani, ugumu ambao kanuni zenyewe hazioneshi vya kutosha. Benki kubwa ya kitaifa ikipata hasara kwenye mboga za Lushoto inaweza kufidiwa na korosho za Mtwara, biashara za Kariakoo au mishahara ya watumishi wa Dodoma. Benki ya eneo moja haina fidia ya namna hiyo. Katika milima ya Usambara kabichi, karoti, viazi mviringo na hoho hukomaa karibu kwa wakati mmoja, huuzwa katika masoko yaleyale ya Tanga na Dar es Salaam, na husafirishwa kwa barabara ya Soni hadi Mombo, ambayo mvua kubwa inaweza kuiangushia mawe na udongo. Bei ikiporomoka, haiporomoki kwa mkopaji mmoja. Wote huchelewesha marejesho katika mwezi uleule, na wenye amana, ambao mara nyingi ni watu wa familia zilezile, huja kutoa akiba zao katika mwezi huohuo. Uzito wa asilimia 100 hautofautishi wakopaji elfu wanaoishi mlima mmoja na wakopaji elfu waliotawanyika nchi nzima, kwa hiyo mtendaji mwenye busara hapaswi kuridhika na asilimia 12.5 iliyoandikwa, anapaswa kujiwekea kizingiti chake cha juu zaidi, na kuitetea hatua hiyo mbele ya wanahisa wanaodai gawio.

Mtaji pia huweka mpaka wa ukubwa wa mteja anayeweza kuhudumiwa. Kanuni za Tanzania haziruhusu benki kumkopesha mtu mmoja au kampuni moja zaidi ya asilimia 25 ya mtaji wake wa msingi, hata mkopo ukiwa na dhamana kamili, jambo linalomaanisha kuwa benki yenye bilioni 2 haiwezi kumpa mkopaji mmoja zaidi ya milioni 500. Kiwanda cha chai au kampuni ya kusindika matunda italazimika kwenda kwenye benki kubwa, na benki ndogo itabaki na mikopo midogo mingi ambayo gharama ya kuifuatilia, kijiji kwa kijiji, ni kubwa.

Mwaka 2017 ulikuwa mwaka wa kupimwa. Mikopo chechefu, yaani ile ambayo marejesho yake yamesimama, ilizidi asilimia 10 ya mikopo yote ya benki nchini, na benki nyingi ndogo zilikuwa hazijafikia kiwango cha mtaji. Mwezi Mei mwaka huo Benki ya Wananchi Mbinga ilifungwa, na tarehe 4 Januari 2018 Benki Kuu ikatangaza kuzifutia leseni benki tano kwa mpigo kwa sababu ya upungufu mkubwa wa mtaji: Covenant Bank for Women, Efatha Bank, Benki ya Wananchi Njombe, Benki ya Wananchi Meru, na Benki ya Ushirika ya Wakulima Kagera. Bodi ya Bima ya Amana iliteuliwa kuwa mfilisi, na kila mwenye amana alikuwa na uhakika wa kulipwa hadi shilingi milioni 1.5, aliyekuwa na zaidi ya hapo alitakiwa kusubiri mali za benki ziuzwe.

Uamuzi wa kufunga ulikuwa sahihi kisheria, na kuchelewa kungezidisha hasara, kwa kuwa benki isiyo na mtaji inayoendelea kupokea amana huwa inawalipa wateja wa jana kwa fedha za wateja wa leo. Hata hivyo majina hayo, Njombe, Meru, Kagera, Mbinga, yanaonesha kwamba mzigo uliangukia zaidi taasisi zilizoanzishwa na wananchi wa mikoani kwa hisa ndogondogo, wananchi ambao hawakuwa na mwekezaji mkubwa wa kumwendea muda ulipokuwa unakwisha. Kosa la msingi lilifanyika miaka kadhaa kabla ya kufungwa, pale viongozi walipoona kiwango kinakuja na hawakuanza mapema kuuza hisa, kuzuia gawio au kutafuta mwenza wa kuungana naye.

Kwamba njia hiyo ilikuwepo inathibitishwa na jirani wa karibu. Huko Mwanga, katika milima ya Upare, benki ya kijamii iliyoanzishwa mwaka 2000 iliungana mwaka 2020 na taasisi mbili za fedha ndogondogo, Hakika na EFC, ikazaliwa Mwanga Hakika, ambayo sasa ni benki ya biashara. Benki ya Ushirika Kilimanjaro, ambayo nayo ilikuwa katika upungufu wa mtaji, iliokolewa kwa kuingiza wanahisa wapya na hatimaye ikawa msingi wa Benki ya Ushirika Tanzania iliyozinduliwa Dodoma mwezi Aprili 2025. Uganda ilichukua njia nyingine inayostahili kufikiriwa: ilipopandisha mtaji wa benki za biashara hadi shilingi za Uganda bilioni 150 kufikia Juni 2024, benki zilizoshindwa, kama ABC Capital na Opportunity, ziliruhusiwa kushuka daraja la leseni na kuendelea na kazi chache zaidi badala ya kufungwa. Kenya nayo imeamua kupandisha kiwango kwa hatua, kutoka shilingi za Kenya bilioni 1 hadi bilioni 10 ifikapo mwisho wa 2029.

Lipo jambo moja zaidi ambalo watendaji wa benki ndogo hawana budi kulizingatia, hasa baada ya kuumizwa na mikopo. Kwa kuwa dhamana za serikali zina uzito wa sifuri, benki iliyoishiwa mtaji hushawishika kuacha kumkopesha mkulima na kununua hatifungani, ambazo Tanzania huuzwa hata za miaka 20 na 25. Kwa mkulima wa Magamba huko ni kunyimwa mkopo kimyakimya. Kwa benki yenyewe, uzito wa sifuri hauna maana ya kutokuwa na hatari: Silicon Valley Bank ya Marekani, benki ya jimbo iliyokua kupita kiasi, ilianguka tarehe 10 Machi 2023 baada ya riba kupanda na kushusha thamani ya hatifungani ilizonunua, wateja wakajaribu kutoa dola bilioni 42 kwa siku moja. Miaka mitano kabla, sheria ya Marekani ilikuwa imelegezwa ili benki za kiasi chake zisibanwe kwa masharti makali ya benki kubwa, na mkuu wa benki hiyo alikuwa miongoni mwa walioomba ilegezwe.

Benki zote nchini zinatakiwa kuchapisha taarifa za fedha kila robo mwaka magazetini, na ndani yake kuna mtaji wa wanahisa na uwiano wa mikopo chechefu. Mwenye amana wa Lushoto, iwe amana yake ni ya kibinafsi au ya SACCOS anayoiongoza, aiombe taarifa hiyo tawini, alinganishe robo hii na iliyopita, na aulize kwa nini mtaji unapungua ikiwa unapungua. Tangu mwaka 2023 bima ya amana inamlinda kila mwenye amana hadi shilingi milioni 7.5 katika benki moja, na kinachozidi kiwango hicho kinalindwa na mtaji wa benki peke yake.