Mwalimu, kabla ya kwenda ng'ambo tazama pasipoti yako

Kiingereza nilikisomea Uganda, katika kambi ya wakimbizi ya Nakivale, na tuliporejea Rwanda baada ya 1994 ndicho kilichonipa riziki. Serikali ilipoamua mwaka 2008 kwamba masomo yafundishwe kwa Kiingereza badala ya Kifaransa, walimu wenzangu walinijia jioni niwafundishe. Sasa najiandaa kwenda kukifundisha ng'ambo, maana karo za watoto hazingoji.

Wakala mmoja alitaka nimlipe kwanza ndipo anipeleke Korea Kusini. Nikaulizia viza. Kumbe ile ya walimu wa lugha, E-2, kwa somo la Kiingereza kwa kawaida hupewa raia wa nchi saba: Marekani, Uingereza, Kanada, Ireland, Australia, New Zealand na Afrika Kusini. Shahada peke yake haitoshi, hata uwe umefundisha miaka ishirini!

Kwa hiyo, ndugu msomaji, kabla hujalipia kozi ya TEFL ya saa 120, au kuomba kwenye Irembo cheti cha kutopatikana na hatia, uliza ubalozini. Mimi barua za maombi nazituma tu kule ambako ubalozi umenijibu kwa maandishi.