Unataka kusoma sera za umma Uingereza? Hesabu saa zako kwanza

Hujawahi kuajiriwa rasmi, ukaona Chevening si ya kwako? Subiri kidogo.

Ufadhili huu wa serikali ya Uingereza hulipia masta ya mwaka mmoja, ikiwemo ya sera za umma. Unachagua kozi tatu, na lazima uwe na saa 2,800 za uzoefu wa kazi, yaani kama miaka miwili.

Hapo ndipo wengi hujiengua. Kumbe hata kujitolea bila malipo kunahesabiwa! Isipokuwa mafunzo ya vitendo yaliyokuwa lazima chuoni.

Kwenye insha, “nataka kusaidia nchi yangu” haitoshi. Taja tatizo unalolijua, mfano bima ya afya kwa bodaboda, na ungebadili nini.

Ukihitimu, unarudi nyumbani kwa angalau miaka miwili.